Nasimama kwa Ajili ya Salome

Siku ya Jumanne, tarehe saba Januari mwaka 2025, saa saba kasorobo mchana, Hawayu Jillo alikuwa uani akianika shuka aliposikia binti yake akimwita kutoka sebuleni.

"Mama!"

Kabla hajafungua kinywa, sauti iliitika kutoka jikoni.

"Abee."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa hata na ule mkwaruzo mdogo mwishoni, uliombakia tangu alipougua koo akiwa kidato cha pili.

Alisimama na kibanio mkononi. Saa kama ile, katika mtaa wao wa Garissa, hata mbuzi huwa wamelala chini ya magari na hakuna anayetembea bila sababu. Alisikia maneno machache yakisemwa ndani, kwa upole, kisha Tabita akatokea mlangoni. Alikuwa na miaka tisa, na kalamu mkononi.

"Mama! Umefikaje huku? Si ulikuwa jikoni?"

"Nilikuwa hapa."

"Lakini umeniambia kalamu iko juu ya friji. Nimeikuta."

Hawayu hakuwa ameweka kalamu juu ya friji. Aliingia jikoni. Hapakuwa na mtu. Mfereji ulikuwa mkavu, kwa kuwa maji ya mtaa hutoka Jumatatu na Alhamisi tu, lakini chumba kilikuwa na harufu ya matope mabichi, kama ya ukingo wa mto uliokatika asubuhi ile.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima Jumapili iliyotangulia ielezwe kwanza.

Kusini mwa mji, mahali Mto Tana unapojigawa na kukutana tena, pana kisiwa kiitwacho Mikoma. Mwaka 1935 mwinjilisti Zakaria Komora, babu yake Hawayu, alipanda na mto kutoka kwa Wapokomo wa chini akiwa na watu kumi na wawili, akajenga humo kanisa la Kimethodisti la udongo na majani ya mikoma. Leo kanisa lina mabati, na kengele yake ni rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Kaya ni thelathini na sita. Wasomali wenye ngamia na Waorma wenye ng'ombe, walio ng'ambo zote mbili, hununua ndizi zao na kuwaita watu wa kisiwa.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwaka waumini hao hufanya Ibada ya Agano, na kabla ya agano majina husomwa. Kila anayeitwa husimama na kusema, "Nipo kwa neema." Mgonjwa au msafiri husimamiwa na mtu wa damu yake, ambaye husema, "Nasimama kwa ajili yake." Msimamizi hutia tiki katika daftari. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Msimamizi wa sasa alikuwa Ezra, kaka yake Hawayu, aliyemzidi miaka kumi na minne. Wazazi wao walikufa mapema. Ezra ndiye aliyembeba mabegani kila asubuhi kuvuka mkono mwembamba wa mto kwenda shule, mpaka alipofika darasa la tano, hata siku ambazo maji yalimfika kifuani. Hawayu alipoolewa na dereva wa lori la Wajir na kuhamia mjini, Ezra alilia. Dereva huyo alipofariki kwa ajali karibu na Modogashe, ni Ezra aliyekuja kukaa matanga.

Kwa hiyo Ezra alipomwomba aandike historia ya kanisa kwa ajili ya jubilii ya miaka tisini, alikubali siku hiyo hiyo. Hawayu alikuwa karani wa masijala katika shule moja ya kutwa, na mwandiko wake ulikuwa safi. Alikabidhiwa sanduku la bati lenye madaftari yote isipokuwa la kwanza.

"Hilo ninalo mimi," Ezra alisema. "Kurasa zake zimeoza."

Kisha, siku ya Agano, dakika chache kabla ya kengele, alimvuta pembeni.

"Shangazi Dorkasi hatunaye tena. Yeye ndiye aliyekuwa akimsimamia Salome. Leo msimamie wewe."

"Salome ni nani?"

"Mmoja wa wale wa kwanza. Alizama siku ya kuvuka. Ni heshima tu, mdogo wangu. Hata kwa historia yako itafaa."

Jina lilipoitwa, Hawayu alisimama. "Nasimama kwa ajili yake." Wazee wote, wanaume kwa wanawake, walishusha pumzi kwa pamoja. Aliliona jambo hilo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona, aliliandika. Hakuuliza sababu.

Baada ya siku ile ya kalamu, wiki nzima ilipita kimya. Kisha sauti ilirudi, na kila mara ilikuja mchana, jua likiwa utosini, walipokuwa wamerudi nyumbani kula. Tabita angeita, na jibu lingetoka bafuni, au nyuma ya pazia, au kwenye chumba cha kulala ambacho Hawayu alikuwa amekifunga kwa ufunguo. Mwanzoni mtoto alicheka, akidhani mama yake ameanzisha mchezo. Baadaye aliacha kucheka, na Hawayu akaona kwamba hakuwa ameogopa. Alikuwa amezoea.

Katikati ya Februari, jirani yake Kaltun, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, alimsubiri barazani kwake na kumkamata mkono alipokuwa akirudi kazini.

"Abaayo, dada yangu, wewe sasa umekuwa mtu wa madharau. Nimebisha kwako saa saba, mara tatu. Unaniambia 'karibu, karibu ndani', na mlango hufungui."

"Nilikuwa shuleni, Kaltun."

"Walahi sauti ni yako! Mimi nikasema haya, mjane amepata bwana, amejifungia." Alicheka na kumpiga bega. Kisha kicheko kikamwishia. "Lakini nikaangalia mlango. Kufuli iko nje."

Wote wawili waliitazama kufuli. Ilikuwa bado imefungwa.

"Ilisema nini tena?" Hawayu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

"Ilisema nini tena?"

"Ilisema, 'Ingia tu, mimi nipo.'"

Tangu siku hiyo Hawayu alianza kuona kwamba Kaltun hakuwa peke yake katika kutomsikia, kwani shuleni alitoa taarifa kwenye kikao na mwalimu mkuu akaendelea kuandika kana kwamba hakuna aliyesema, na dukani alirudia mara nne kuomba sukari mpaka akalazimika kuinyooshea kidole, na nyumbani alimwita Tabita aje kula, akamwita tena, akapaza sauti mpaka koo likamuuma, na mtoto akabaki ameinama juu ya daftari lake hadi sauti ile nyingine ilipomwita kutoka jikoni, mara moja tu, taratibu, naye akainuka papo hapo, akasema "nakuja, Mama", akampita mama yake aliyesimama katikati ya chumba, karibu kiasi cha kugusana naye, na juu ya saruji alipopita palikuwa na nyayo za majimaji zilizomtangulia.

Kaltun ndiye aliyemleta Sheikh Kulow, mwalimu wa duksi, chuo cha Qur'ani cha watoto, mzee mkavu mwenye ndevu za hina. Ilikuwa Ramadhani, baada ya adhuhuri, naye alikuwa amefunga. Aliketi kwenye mkeka na kikombe cha maji mbele yake, akasoma kwa muda mrefu. Tabita alikuwa kwa akina Kaltun.

Sheikh alipofika mahali pa kuvuta pumzi, sauti ya Hawayu ilisema jikoni, kwa adabu, "Karibu, mzee."

Kaltun alivuta mtandio ukamfunika mdomo. Sheikh hakugeuka.

"Si wewe uliyesema," alimwambia Hawayu.

"Si mimi."

"Mwezi huu mashetani hufungwa. Huyu yuko huru. Kuna mtu aliyempa kitu?"

Hawayu alimweleza kuhusu kanisa, daftari na jina. Alilazimika kusogea karibu na sikio lake. Sheikh alisikiliza hadi mwisho, akayamwaga yale maji kwenye kizingiti.

"Mimi huwatoa wanaoingia kwa dirisha," alisema. "Huyu alifunguliwa mlango. Yule mwanamke aliyezama yuko kwa Mola wake, hana haja na sisi. Huyu ni mwingine. Alisikia jina linaitwa na halina mwenyewe, akalivaa, kama nguo iliyosahauliwa kambani."

"Anataka nini kwangu?"

"Wewe ulimsimamia. Sasa anataka kukusimamia wewe."

"Sheikh, mwambie dawa," Kaltun alinong'ona. "Ana mtoto."

"Dawa iko kwa aliyemwandika. Mwenye kalamu ndiye afute. Lakini upesi, kabla hajaitika kwa jina la huyu mbele ya watu na watu wakakubali. Wakikubali, mimi sina kisomo cha hilo."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Hawayu alilitoa sanduku la bati chini ya kitanda na kumwaga madaftari yote sakafuni. Katikati ya lile la 1988 na la 1989 palikuwa na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada. Hakikupaswa kuwamo. Kilikuwa cha Shangazi Dorkasi, na kurasa zake tupu zilikuwa zimejaa maandishi ya penseli.

*Mimi ni Dorkasi. Nipo. Mimi ni Dorkasi. Nipo.* Ukurasa baada ya ukurasa. Mwishoni kabisa herufi zilikuwa zimeyumba: *Leo Ezra amenisikia. Ameniomba nivumilie kwa ajili ya mto. Ameniambia hata watoto wangu wameridhika na yule.*

Hawayu alikumbuka. Alipokuwa na miaka saba alitumwa kwa Shangazi Dorkasi kupeleka samaki. Alimkuta ameketi kwenye vumbi mlangoni pa jiko, midomo ikicheza bila sauti, na mkono umenyooshwa kumwelekea yeye. Ndani ya nyumba, sauti ile nzuri ya shangazi, iliyoongoza kwaya, ilikuwa ikiimba, na watoto wake walikuwa wakicheka pamoja nayo. Hawayu alidhani ni redio. Aliweka samaki chini, akakimbia. Kisiwani walisema Dorkasi amerukwa na akili, na watu walipita mlangoni pake bila kumsalimu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alhamisi iliyofuata aliomba ruhusa kazini kwa kuandika barua, akamwacha Tabita kwa Kaltun, akavuka kwa mtumbwi. Alimkuta Ezra kwenye migomba akikata majani makavu. Aliweka kitabu cha nyimbo mbele ya miguu yake.

Ezra alikitazama, akaweka panga chini.

"Ulijua," Hawayu alisema.

"Nilijua."

Alimsikia. Katika siku kumi hakuna mtu aliyekuwa amemsikia bila yeye kupiga kelele, na kaka yake alimsikia kwa mnong'ono. Hilo lilimuuma zaidi ya jibu lenyewe.

Ezra aliingia nyumbani, akarudi na daftari la kwanza limefungwa kwa kitambaa. Kurasa hazikuwa zimeoza. Babu Zakaria alikuwa ameandika kila kitu. Siku ya Agano la kwanza alimwita Salome kwa kusahau kwamba alikuwa amezama, na kutoka mtoni, saa saba mchana, sauti ikaitika, "Nipo." Alifurahi, akatia tiki, akatuma watu wakamtafute. Hawakumpata mtu. Mwaka wa pili hakuliita jina, na mto ukala nusu ya kisiwa. Mwaka wa tatu aliliita tena, pakawa kimya, mpaka mkewe, kwa huruma tu, aliposimama kwa ajili ya marehemu asiye na ndugu, kama wanavyosimamiwa wagonjwa na wasafiri. Mto ukatulia. Mke wa Zakaria hakusikika tena. Baada yake alisimama dadake Zakaria, na baada ya dadake, Dorkasi.

"Lazima awe mwanamke wa nyumba yetu," Ezra alisema. "Mto ulipofurika mwaka jana, mwezi wa nne, uliona mwenyewe ng'ambo. Mashamba yalikwenda, nyumba zikaenda. Hapa haukugusa hata mgomba mmoja. Ni watu, Hawayu. Ni kaya thelathini na sita."

"Una mabinti watatu."

Ezra aliliokota panga, akaliweka chini tena.

"Una mabinti watatu, Kaka. Kwa nini mimi?"

"Wao wanaishi hapa," alisema mwishowe. "Nitawaona kila siku. Wewe ulikuwa umeshaondoka."

Hawayu aliketi chini kwenye majani makavu. Hakulia. Alimtazama kaka yake mabegani, pale alipokuwa akikaa asubuhi za zamani, miguu yake ikining'inia na maji yakipita chini.

"Tabita hanisikii tena," alisema. "Ana mimi tu, na hanisikii. Lifute hilo jina."

Ndipo Ezra alipopiga magoti mbele yake na kulia, mzee wa miaka hamsini na tano, na kamasi zikimtoka.

"Nitalifuta. Jumapili ya jubilii, mbele ya watu wote, wasikie. Naapa kwa haya mabega yaliyokubeba."

"Na mto?"

"Mto niachie mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Uje na mtoto. Ni siku ya ukoo."

Alimwamini. Hakuwa na mwingine wa kumwamini, na kiapo kile kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusikia kutoka kwake.

Jumapili ya tarehe thelathini Machi kanisa lilijaa mpaka nje. Palikuwa na kitambaa cheupe mezani, matawi ya mikoma milangoni, na kwaya iliyoshona sare mpya. Hawayu aliketi benchi la tatu, ameshika mkono wa Tabita. Kwenye benchi la mbele, kati ya wazee wawili, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja iliyoachwa wazi. Alidhani ni ya mgeni.

Ezra alisimama na daftari jipya na lile la kwanza. Aliyafungua yote mawili.

"Ndugu zangu," alisema, "tangu babu zetu tumekuwa tukiita jina la mmoja asiyekuwepo. Leo tunalifuta. Hatutaliita tena milele."

Aliinua kalamu nyekundu ili waione, akapiga mstari. Watu wakasema, "Amina." Hawayu alifumba macho. Alingoja kishindo cha mto, au kilio, au ile harufu ya matope. Hapakuwa na lolote. Upepo ulipita dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alihisi kifua chake kimefunguka, akauminya mkono wa mtoto, na mtoto akamtabasamia.

Kisha Ezra akaanza kuyasoma majina yaliyobaki, kama siku ya Agano, moja baada ya jingine, na watu wakasimama na kuitika, mpaka alipofika kwenye ukurasa wa ukoo wao.

"Hawayu Jillo."

"Nipo kwa neema."

Hakuwa amefungua kinywa. Sauti ilitoka kwenye benchi la mbele, pale penye nafasi wazi, tulivu, na mkwaruzo mdogo mwishoni, na wazee wale wawili wakasogea kidogo kama watu wanavyosogea jirani yao anaposimama, na Hawayu akasimama naye, akasema "Nipo", akasema "Kaka, mimi nipo hapa", akapiga benchi kwa viganja na benchi halikutoa mlio, akainua mikono yote miwili kama mtu anayezama, na hapakuwa na uso hata mmoja uliogeuka isipokuwa uso wa Ezra, ambaye aliinua macho kutoka daftarini, akamtazama yeye, si nafasi ile ya mbele, alimtazama yeye hasa, kwa macho yale yale aliyomwinulia zamani katikati ya mto kuona kama ameshika vizuri.

Sasa alielewa. Jina la Salome lilikuwa halihitajiki tena. Aliyelivaa alikuwa amepata jingine, la mtu hai, na hatalazimika kuitwa kutoka mtoni kila mwaka.

Ezra aliinamisha macho. Akatia tiki.

"Mama?" Tabita aliuliza. Hakuwa akimtazama aliyemshika mkono.

"Abee," benchi la mbele likaitika. "Njoo ukae nami."

Vidole vidogo vilianza kuchomoka kwenye kiganja cha Hawayu, kimoja kimoja, bila haraka, kama mtoto anavyojitoa kwenye mwiba ulioshika gauni. Alivikaza kwa nguvu zake zote. Vilipita. Tabita alikwenda mbele, akaketi katika ile nafasi, akaegemeza kichwa ubavuni pa kitu ambacho hakikuonekana, na pindo la gauni lake jeupe likaanza kulowa na kugeuka rangi ya mto.

Mafuriko ya mwaka huo hayakugusa kisiwa. Daftari lipo mpaka leo, limefungwa kwa kitambaa kile kile. Katika safu ya Machi, mbele ya jina la Hawayu, tiki imeandikwa kwa wino wa bluu, na imenyooka.